Koti la Kuazima

Katika nyumba yetu ya Kidete, juu ya mlango wa chumba cha ndani, imetundikwa picha ya zamani ya babu yangu mzaa baba. Amesimama wima kama askari wa gwaride, amevaa koti jeusi na tai, mkono mmoja ameuweka juu ya redio, na saa ya mkononi imesogezwa mbele makusudi ili ionekane. Ndugu msomaji, katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichokuwa mali yake. Viatu havikupatikana vya kumtosha, ndiyo maana mpiga picha akaikata picha magotini.

Babu alitoka Kasulu. Alikuja kwa treni, kwa reli hii hii inayopita Kidete, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, na kwa njia hiyo Waha, Warundi na wengineo wengi wakaletwa kukata mkonge mbali na kwao. Kila mmoja alipewa namba, nao wakaitwa manamba. Kazi iliandikwa kwenye kipande chenye siku 30, ambazo ilibidi zitimizwe ndani ya siku 42.

Hebu fikiri juu ya mtu huyo. Asubuhi anaitwa kwa namba, jioni anawekewa alama kwenye kipande. Siku moja anapata shilingi chache, anakwenda Kilosa mjini, anaingia kwa mpiga picha, naye anamwuliza: unataka kusimama vipi? Yamkini tangu ashuke kwenye treni hakuna aliyekuwa amemwuliza anataka nini. Akachagua koti.

Picha ilipofika Kasulu, mdogo wake aliitazama sana, kisha naye akafunga safari. Treni ilipita Kidete usiku, akateremka Kimamba, picha ikiwa mkononi ili asimkose kaka yake. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, “Kaka, koti liko wapi?” Babu alikuwa akitusimulia haya huku akicheka, lakini kicheko hakikuwa kikifika mwisho. Mwaka wa pili yule mdogo alishikwa na homa, akazikwa huko huko shambani. Picha ilikutwa katika mfuko wake, na ndiyo hiyo tuliyo nayo. “Mimi sikumwandikia njoo,” babu alizoea kusema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza. “Nilituma picha tu.”

Je, babu alisema uongo? Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika kwamba ndiyo, na nikaamini dawa ya uongo wa namna hiyo ni picha ya kweli, inayopigwa na mgeni asiye na sababu ya kujipamba.

Siku hizi sina hakika hiyo. Mwezi Aprili 1994, kiasi cha watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakaingia Ngara. Miongoni mwa wapiga picha waliokwenda kambini Benaco alikuwamo Sebastião Salgado wa Brazili, na picha zake za watu waliohama makwao duniani kote zilitoka katika kitabu mwaka 2000. Ni picha za kweli, tena nzuri mno. Lakini mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, aliuliza katika kitabu chake cha mwaka 2003 kwa nini watu wale hawakutajwa majina, ilhali mtu mashuhuri akipigwa picha jina lake haliachwi. Niliposoma hoja hiyo nilimkumbuka babu na namba yake.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa njia nyingine. Petruț Călinescu wa Romania amewafuata kwa miaka watu wa nchi yake mwenyewe, wanavijiji wa Oaș, wanaokwenda kufanya vibarua Ufaransa na kwingineko, na fedha wanazopata wanajengea majumba makubwa kijijini ambayo sehemu kubwa ya mwaka hukaa tupu. Nilipoziona picha zile nilicheka peke yangu. Lile ni koti la babu, ila limejengwa kwa zege. Naye hakuwavua, amewaonyesha na makoti yao, mtazamaji ajionee mwenyewe nani yumo ndani.

Rahisi kusema. Yalinifika mwenyewe mwanzoni mwa mwaka 2010. Mvua za mwisho wa Desemba 2009 ziliujaza Mkondoa, maji yakabomoa reli upande huu wetu kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa Kilosa wakahamia kwenye mahema. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Nyumba yake ya udongo iliyeyuka yote. Gazeti moja lilitoa picha yake akiwa mbele ya hema, kichwa wazi, kanga imechanika, na chini yake yameandikwa maneno matatu: mwathirika wa mafuriko. “Hata jina hawakuniuliza,” alisema. Njaa hakuilalamikia kama alivyolilalamikia hilo. Nami siwezi kukana kwamba picha kama ile huwagusa watu wa mbali wakatoa blanketi na unga. Picha ya babu haikumletea mtu unga.

Nilikuwa na kamera, na nilitaka kutenda haki. Nikamwuliza shangazi, kama alivyoulizwa baba yake, anataka kukaa vipi. Akaazima kanga mpya kwa jirani, akajitanda vizuri, akaniongoza mpaka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa imesimama bila ufa, akaketi barazani kama mwenye nyumba. “Piga,” akasema, “umpelekee mwanangu Mwanza.” Nikapiga. Nikaisafirisha kwa basi.

Baada ya wiki kijana alinipigia simu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini aje, lakini sasa roho yake imetulia, anamshukuru Mungu kuona nyumba imesalimika, atakuja Pasaka. Nilimweleza shangazi. Alinyamaza kidogo, akakunja ile kanga ili airudishe kwa mwenyewe, akasema, “Mwache afanye kazi yake.”

Masika yale yote aliyamaliza kwenye hema. Namba ya simu ya mwanawe nilikuwa nayo. Sikumpigia.