Mama mwenye kifafa asiachishwe vidonge kwa fatwa za kibarazani

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ijumaa moja hapa Mkuyuni, baada ya swala, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Mkewe ana kifafa tangu usichana wake, na kwa miaka kadhaa alikuwa ametulia kwa vidonge anavyofuata Morogoro mjini. Sasa ana mimba ya miezi mitatu. Bibi yake kasema vidonge vile vinamuunguza mtoto tumboni, mjomba naye kaunga mkono, na sisi Waluguru tunajua neno la mjomba lina uzito gani. Vidonge vikapandishwa darini. Haikupita muda, binti akaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni. "Shekhe," akaniuliza, "kisheria anywe au asinywe?"

Ndugu zangu Waislamu, hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tukiulizwa tunaona aibu kusema hatujui. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir (RA), iliyomo katika Sunan Abu Daud, kuna habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Waliomfutu hawakuwa maadui zake. Walikuwa wenzake, wenye nia njema, kama alivyo bibi na kama alivyo mjomba.

Basi na tuulize wenye elimu ya tiba. Wanasema nini?

Wanasema hofu ya bibi ina chembe ya ukweli. Dawa za kifafa hazilingani. Iliyo mbaya zaidi kwa mimba ni ile iitwayo sodiamu valproeti. Katika kila watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, kiasi cha 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, kama uti wa mgongo ulio wazi au kasoro za moyo, na kati ya 30 na 40 huchelewa katika akili, usemi au mwenendo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kuwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasianzishiwe dawa hiyo. Fenobabitali nayo, ambayo ni ya bei nafuu na imeenea mno vijijini kwetu, ina hatari yake, ingawa ndogo kuliko hiyo. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zinazoonekana salama zaidi, lakini si kila hospitali inazo.

Lakini wanasema pia jambo ambalo bibi hakulijua. Kuacha vidonge ghafla kunaweza kuleta degedege linalofuatana bila mgonjwa kuzinduka, na hilo huweza kumuua mama na mtoto wake kwa pamoja. Kuanguka kwenyewe ni hatari: moto, mto, kisima, ngazi za mawe za milima yetu hii. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa aliowakuta walikuwa wakitengwa na wengi wana makovu ya moto. Ni fenobabitali hiyo hiyo iliyowarudisha shambani na majumbani mwao.

Kuna wanaotoa hoja ya subira. Wanamtaja yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (SAW) akilalamika kuwa anaanguka na nguo zinamfunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, lakini akaomba asifunuke. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Ila tuisome vizuri. Kwanza aliulizwa yeye mwenyewe, hakuamuliwa na mjomba. Pili, alisubiri kwa mwili wake. Binti yetu ana roho ya pili tumboni. Tena Mtume (SAW) huyo huyo aliwaamuru watu wajitibu. Kisomo na kombe havikatazwi, lakini kombe halimzuii mtu kumeza kidonge.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni wakati. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati ambao wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo pa kuuliza ni kabla ya mimba, na kwa binti aliyeposwa ni kabla ya ndoa. Hapo daktari anaweza kubadilisha dawa taratibu, kupunguza kipimo, na kumwanzishia vidonge vya foliki asidi. Hivyo navyo mkunga wa kliniki aambiwe, kwa sababu vikiwa vya kipimo kikubwa hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kuzuia malaria anayopewa mjamzito. Lakini familia zinaficha ugonjwa ili posa isivunjike, binti anaolewa kimya kimya, na mume anaujua ugonjwa siku mkewe anapoanguka. Huko ni kumdhulumu mume, mke na mtoto.

Allah (SW) ametukumbusha katika Suratul Luqman, aya ya 14, jinsi mama anavyombeba mtoto kwa udhaifu juu ya udhaifu. Mwenye kifafa ana udhaifu wa tatu, na wa kumchukulia ni mumewe. Nauli ya kwenda Morogoro ni sehemu ya matumizi yanayomwajibikia, sawa na chakula na nguo.

Nilimwambia yule kijana avishushe vidonge darini, asiviache nyumbani, aende navyo na boksi lake ili daktari asome jina na kipimo. Na amchukue mjomba, asikie kwa masikio yake. Jumamosi alfajiri waliondoka watatu kwa gari la kwanza.

Wallahu aalam.