Ahadi ya Kurudi

Kati ya maswali ya tabia njema ambayo wakati wetu umeyafanya kuwa magumu, moja lahusu kijana aombaye ruhusa ya kwenda ng'ambo kwa muda, hali moyoni mwake amekwisha kata shauri kwamba hatarudi. Karatasi yake yasema miezi au miaka. Nia yake yasema maisha. Je, ametenda uovu? Na kama ametenda, amemtendea nani? Wengi hulijibu swali la kwanza kwa haraka, wakalipita la pili bila kuligusa. Mimi naona kwamba la pili ndilo lenye ufunguo wa la kwanza.

Jambo hili si dhana tupu. Uingereza ilikuwa na mpango wa viza kwa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, ulioruhusu wakae humo miaka 2, watembee, na wafanye kazi za kuwasaidia kulipia matembezi yao. Umri uliokubaliwa ulikuwa miaka 17 hadi 27. Mwaka 2003 kikomo kilisogezwa hadi 30. Mwombaji alitakiwa awe na nia ya kuondoka muda ukiisha. Kijana wa Musoma, kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya hiyo, aliweza kuomba kama alivyoweza kijana wa Sydney. Mwaka 2008 mpango ule ulifungwa, ukafuatwa na mwingine ulioanza na Australia, Kanada, Japani na Nyuzilandi. Nchi yetu haikuwamo. Tangu hapo, kijana wetu atamaniye kuhama hupita panapopitika: viza ya masomo, viza ya matembezi, au mkataba wa kazi katika nchi za Ghuba.

Sheria zenyewe hazisemi kwa sauti moja juu ya nia hii. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ilianza kwa kumdhania mwombaji wa viza ya muda kuwa ni mtu akusudiaye kuhamia, mpaka athibitishe kinyume chake. Lakini mwaka 1990 nchi hiyo hiyo ilikubali kwamba wafanyakazi wa ujuzi fulani waweza kuwa na nia mbili pamoja: kufanya kazi kwa muda, na kutumaini kubaki. Australia nayo, mwaka 2024, iliacha kumdai mwanafunzi athibitishe kwamba ni mkaaji wa muda tu. Ikatosheka kumtaka awe mwanafunzi wa kweli. Basi nia mbili si uovu kwa asili yake. Linalohesabiwa udanganyifu katika dirisha moja lakubaliwa katika dirisha la pili. Ubaya haumo katika kutumaini, umo katika kuapa kinyume cha tumaini.

Yafaa basi tutenge watu wawili ambao watazamaji huwachanganya. Wa kwanza aliondoka Bunda akiwa na nia safi ya kurudi. Alikaa ugenini, akajifunza kazi, akapata rafiki na mchumba, na nia yake ikageuka. Huyu hakusema uongo. Moyo wa mwanadamu si jabali kama yale yasimamayo ufukoni Musoma, na ahadi aliyoitoa kwa kweli yaweza kuzungumzwa upya kwa kweli. Wa pili aliitia sahihi ahadi ile ile siku alipokwisha kuwaaga rafiki zake kwa siri kwaheri ya milele. Wote wawili watakutwa katika mji mmoja, wakifanya kazi moja, na pengine karatasi za namna moja mfukoni. Macho hayatawatofautisha, dhamiri zao zitawatofautisha.

Mtetezi wa yule wa pili ana hoja nzito, na si haki kuidharau. Atasema: Tazama lango la Ndabaka, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Vijana wa Ulaya hupita hapo kwenda kuwatazama wanyama wa Serengeti. Hulipa ada yao wakaingia, wala hakuna awadhaniaye kuwa wamekuja kuhamia Bunda. Mwana wa Bunda akitaka kuziona nchi zao, huulizwa habari za akiba ya benki, kazi, mke na mali, kana kwamba umaskini ni ushahidi wa hila. Sheria isiyo na usawa yawezaje kumfunga mtu kwa uaminifu?

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mlinzi wa mlango asiyetenda haki amejipunguzia heshima, na sina machozi mengi ya kumlilia dola tajiri aliyedanganywa na kijana maskini. Lakini hoja hii huchukulia kwamba gharama ya uongo humwangukia aliyedanganywa mlangoni. Sivyo. Dola ina nguvu; yajua kujilipa. Hujilipa kwa yule ajaye nyuma. Binti wa Butiama aliyekubaliwa na chuo, aombaye viza akiwa na nia ya kurudi kufundisha, huulizwa maswali makali zaidi kwa sababu ya watu asiowajua walioapa na kutoweka. Hakukopa, lakini yeye ndiye alipaye deni. Asemaye kwamba uongo wake ni kisasi cha mnyonge kwa mwenye nguvu, na atazame vizuri ni nani aliyepigwa.

Yuko mdai wa pili, naye yu karibu zaidi. Safari nyingi za ng'ambo huanzia mnadani. Ng'ombe huuzwa, au shamba, au mtumbwi na nyavu zake. Na wajomba na shangazi huchanga. Mwaka 1964, alipokuwa akiueleza Mpango wa Maendeleo wa Miaka 5, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuleta chakula zaidi. Asipowaletea wenziwe msaada, ni msaliti. Mfano huo hutajwa mara nyingi ili kuwachapa waliobaki ng'ambo. Nao huongezewa habari ya Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952. Lakini safari ya mtu mmoja si sheria ya watu wote. Na mfano wenyewe, ukisomwa kwa makini, wadai kwamba msaada urudi. Atumaye ada ya wadogo zake na dawa za mama yake, mwaka baada ya mwaka, hakukitupa kijiji, ijapokuwa mwili wake u mbali.

Lakini liko sharti lililojificha ndani ya mfano. Wanakijiji walijua wanachokifanya. Walitoa chakula chao kwa shauri lao, wakizijua hatari zake. Lau wangalijua kwamba mjumbe hatarudi, pengine wangalimpa bado. Pengine wangalimpa nusu. Pengine wangalimchagua mwingine. Amwambiaye mama yake "miaka 2 tu", hali ajua kwamba ni maisha, amemnyang'anya uwezo wa kuamua juu ya ng'ombe wake, uzee wake na kaburi lake. Tena hakuna njia ya kati iliyo rahisi: kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima achukuaye uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa Tanzania. Jambo kubwa hivyo halistahili kufichwa kwa walioligharimia.

Wenyeji wa ng'ambo nao wana sehemu yao ya lawama. Methali yetu, ambayo Mwalimu aliikumbusha katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962, yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huelezwa kama onyo kwa mvivu, lakini ina upande wa pili: aliyepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni mtupu, jasho lake limeingia katika shamba la nyumba ile. Nchi impayo kijana jembe kwa miaka 2, ikavuna, kisha ikastaajabu kwamba aomba kubaki, haikuielewa kazi iliyompa. Na sheria imlazimishayo mtu kulikana tumaini lake ili apite mlangoni huwafundisha watu uongo, kisha huwaadhibu kwa kuujua.

Basi, kwa kijana aniulizaye, jibu langu ni hili. Kuhama si dhambi, na babu zetu wa Mara walihama. Tafuta mlango ulioandikwa jina la safari yako, hata ukiwa mrefu kuufikia. Pasipo mlango huo, usiape usilolikusudia, kwa kuwa atakayelipa si uliyemwapia. Nia ikigeuka ukiwa ugenini, bisha hodi waziwazi na uombe. Na kabla ya yote hayo, kabla ng'ombe hajapelekwa mnadani, keti na wazee wako uwaambie lililo moyoni. Yawezekana watakataa. Ikiwa hivyo, ni haki yao. Mali ni yao, na mwana ni wao.