Wingi wa Sura

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kuigiza ni tuhuma. Mtu akilia msibani kwa sauti iliyopita kiasi, walioketi nyuma hunong'ona kwamba anaigiza. Kiongozi akishika jembe mbele ya kamera na kulima matuta mawili, tunasema anaigiza. Neno hilohilo ndilo tunalompa mwigizaji kuwa jina la kazi yake. Je, mtu anayeishi kwa kujifanya mwingine anaweza kuifanya kazi hiyo kwa uadilifu?

Jibu la haraka ni kwamba mwongo huficha, lakini mwigizaji hafichi. Tumeketi pale tukijua kuwa huu ni mchezo. Nakubali, ila jibu hilo linamtetea mwigizaji mbele ya watazamaji tu. Kuna mtu wa tatu: yule ambaye maisha yake yameazimwa yapelekwe jukwaani.

Mtu wa tatu huyo ndiye ninayemfikiria ninapoitazama kazi ya Amandina Lihamba. Ni profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi wa tamthilia ya Hawala ya Fedha, na mmoja wa waandishi watatu wa Harakati za Ukombozi. Ameigiza jukwaani na katika filamu, ikiwemo Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Katika Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, na ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2001, aliigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mwanamke aliyekaa kimya miaka mingi. Mhadhiri ambaye sauti ndiyo kazi yake anavaa ukimya wa mtu asiyeweza kujisemea. Kisha filamu inaisha, anauvua, anarudi darasani.

Kuvua huko ndiko kunakonishughulisha, kwa sababu Kiloleli nimeona mtu aliyeshindwa kuvua.

Wanafunzi walikuwa wameandaa mchezo kuhusu mimba za utotoni, kama shule nyingi zinavyofanya siku ya wageni. Msichana aliyepewa nafasi ya mjamzito alijifunga kitenge tumboni, akashika kiuno na kukokota miguu. Alicheza vizuri mno. Watu walicheka, wengine wakafuta machozi. Siku ya gulio, mama mmoja muuza dagaa alimwita kwa jina la mhusika wake. Vijana wa bodaboda wakalidaka. Ununuzi wa pamba ulipoanza, jina lilikuwa limeshamganda, na shangazi yake akamuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ule ulikuwa mchezo tu, sivyo?"

Shangazi hakuwa mjinga. Hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi, mimba ilikuwa mwisho wa shule kwa msichana. Hofu iliyojengwa miaka mingi haiondoki kwa tangazo. Kijijini, msichana kusemwa tu kunatosha kumharibia.

Kwa nini hakuna aliyemuuliza Lihamba kama kweli ana maradhi ya akili? Ustadi peke yake hauelezi, maana yule msichana naye alikuwa stadi. Nadhani ni kwa sababu Lihamba alikuwa na sura nyingine za kurudia: mwandishi, mwalimu, wahusika wengine aliowacheza kabla. Mwenye sura kumi hakuna anayemfungia katika moja. Msichana yule tulimwona jukwaani mara moja, katika sura moja, tukaichukua kuwa ndiyo yake.

Wapo kijijini tunaowapa uhuru huo. Ningi, kiongozi wa nyimbo katika ngoma za Wasukuma, anaweza kuimba leo kama mgane, kesho kama mlevi, na hakuna anayekwenda kumuuliza mkewe. Tumezoea kwamba ningi ana sauti nyingi. Kwa hiyo wingi wa sura ni zaidi ya kipaji. Ni kinga, na kinga hiyo tumeigawa kwa upendeleo.

Mtu anaweza kusema, basi tuwaachie waliobobea, mabinti wa watu wasije wakaumia. Lakini tukifanya hivyo, habari za wasichana wa Simiyu zitasimuliwa daima na watu waliotoka mbali, na tutapoteza anachokijua msichana mwenyewe: duka lipi analikwepa akitoka shule, na kwa nini.

Lihamba na wenzake walilikabili jambo hili hukuhuku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye, Penina Muhando na wenzao walifika Malya, wilayani Kwimba, jirani na Maswa. Huko wanakijiji walichambua matatizo yao, mimba za wasichana zikiwemo, wakayatungia michezo na kuyajadili. Mwaka 1996 wawili hao walianzisha Tuseme, mradi ambao wasichana wa sekondari hutumia sanaa kusema yanayowakwaza. Aliyewahi kuigiza ukimya wa Samehe alisaidia wengine kupata jukwaa la kusema. Kwangu hivyo ndivyo deni la kuazima maisha ya mtu linavyolipwa.

Ningeongeza sharti moja. Asipewe mtu nafasi moja tu. Msichana aliyefunga kitenge leo, wiki ijayo acheze mkuu wa shule, kisha baba mwenye hasira. Wavulana nao wafunge kitenge, watembee katikati ya gulio la mchezo, wasikie wanavyoitwa. Mchezo ukichezwa mara tano kwa zamu, jina halipati pa kuganda.

Tunapomsifu mwigizaji kwamba anaweza nafasi yoyote, tunasahau kwamba sehemu ya uwezo huo tumempa sisi, kwa kuamini kuwa yeye ni mkubwa kuliko nafasi anayoicheza. Imani hiyo haihitaji shahada wala kamera. Muuza dagaa anaweza kuitoa bure, siku yoyote ya gulio, kwa kumwita msichana jina alilopewa na wazazi wake.