Mwenye kufaulu, iko na dawa?

Kwetu Bukavu, mfanyabiashara wa soko la Kadutu akipanda haraka, watu wanasema: «Ule iko na dawa.» Akianguka, wale wale wanasema dawa imemwishia. Sisi walimu tunajiuliza: jambo gani lingeweza kuonyesha ya kuwa hakuwa na dawa? Hakuna. Akipata, dawa; akikosa, dawa.

Tusidhani ni kosa la wazee wetu peke yao. Mwaka 1991 Jay Barney, mtaalamu wa Marekani, aliandika ya kuwa kampuni inashinda zingine juu ya mali yake yenye thamani, ambayo wengine hawana na hawawezi kuiga. Mwaka 2001 Richard Priem na John Butler walimjibu ya kuwa wazo hilo, namna lilivyoandikwa, linajizunguka: thamani inatambulikana kwa ushindi, kisha ushindi unaelezwa kwa thamani. Barney alijitetea mwaka ule ule. Lakini swali lao ni lile letu la Kadutu, sivyo?

Tena kuna habari ya Honda. Mwaka 1975 wataalamu wa Boston Consulting Group waliandikia serikali ya Uingereza ripoti: Wajapani walishinda kwa kutengeneza pikipiki nyingi kwa bei ya chini. Maneno safi kabisa. Richard Pascale, yeye, alienda kuuliza wakuu wa Honda wenyewe, na mwaka 1984 akatoa majibu yao. Kumbe mwaka 1959 walifika Los Angeles wakitumainia pikipiki kubwa, nazo zikaharibika. Zile ndogo walikuwa wanazitumia tu kwa kutembea mjini. Watu wakaziona, wakaanza kuziulizia. Wengine wanajibu ya kuwa bila kiwanda chenye nguvu bahati hiyo ingepotea, na ni kweli pia.

Kwa wataalamu ni mabishano ya karatasi. Kwetu si hivyo. Tulimjua mwenye duka mmoja: biashara yake ilipanda, mtoto wake akafa kwa malaria, watu wakasema amemuuza. Mama yake mzee ndiye alihama usiku.

Tulieleza hayo darasani. Mwanafunzi mmoja akauliza: «Mwalimu, na wale wenye walifanya sawa na yeye na wakakosa, wako wapi?» Tulikosa jibu. Maduka yao yalishafungwa, na hakuna mwenye aliwahesabu.