Tupande Pamoja

Likizo hii zipo familia zitakazopanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Watoto watapita msitu wa Magamba, watamwona kinyonga akinyata tawini, kisha watasimama mahali paitwapo Irente na kuitazama nyika iliyotandaa chini kabisa.

Mlimani, familia hufuata mwendo wa kitindamimba. Baba hupunguza hatua, kaka humshika bibi mkono penye utelezi. Maandiko yanaijua safari ya namna hii. Zaburi ya 120 hadi ya 134 huitwa nyimbo za kupanda mlima. Naye Luka anasimulia kwamba Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alipanda kwenda Yerusalemu na wazazi wake, katika msafara wa ndugu na jamaa.

Imani ya mtoto hukua anapoona wakubwa wakimngoja, na kumshukuru Muumba kwa kivuli na maji ya chemchemi. Basi, mzazi mwenzangu, likizo hii weka simu kando. Tembea na wanao, sali nao njiani, na uwafundishe kuutunza msitu, kwa kuwa ni kazi ya Mungu.