Uvumi na Wajibu wa Serikali

Wahenga husema: «Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.» Wasomaji wapenzi, je, neno hili ni kweli siku zote? Tulipime vema, kwani laweza kuua watu.

Tarehe 11 Novemba 1961 Waitalia 13, wanajeshi wa ndege, walitua Kindu, katika Maniema yetu. Walitumwa na Umoja wa Mataifa kuwaletea vifaa wenzao waliolinda amani huko. Neno likapita ya kuwa wao ni Wabelgiji, mamluki wa Katanga. Askari wa Kongo wakasadiki. Wote 13 wakauawa. Lililosemwa halikuwapo kamwe.

Basi, serikali ifanye nini? Wengine hujibu: Iwafunge wasemaji. Ni haki kumwadhibu atungaye uongo kwa kusudi la kudhuru. Lakini uvumi hauna kinywa kimoja. Wakubwa wakinyamazisha wote, watu hufikiri: Wanaficha jambo.

Tazameni Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018. Wengi walinong'ona ya kuwa ni hila ya siasa. Mwezi wa Desemba, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya miji hiyo hadi Machi 2019, ikitaja ugonjwa huo na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari, wao wakiwa hawajapiga kura. Huko Beni watu wenye hasira walishambulia mahali pa kupokelea wagonjwa. Uvumi ulikuwa umelishwa na wakuu wenyewe.

Nini kilisaidia? Huko Beni waganga waliweka vyumba vyenye kuta za plastiki ionyeshayo ndani. Jamaa wakamwona mgonjwa wao, wakasema naye. Aliyeona kwa macho yake hana haja ya mnong'ono.

Kwa hiyo serikali na ishike mambo matatu. Kwanza, iseme kweli mapema, hata kama ni chungu. Pili, iruhusu watu waulize, nayo ijibu. Tatu, isitende jambo liufanyalo uongo ufanane na kweli.

Nasi wa Kasongo na Kabambare tuna wajibu wetu. Habari ikifika sokoni, tuulize: Nani aliiona? Asipopatikana aliyeona, habari na ifie hapo, isipite mikononi mwetu kwenda kumwua mtu.