Tumbo la Dada

Dada yangu anauza nyanya hapa Nakivale. Amesikia kwamba Mbarara kuna mtu anayechoma sindano za kaboni dayoksaidi, hewa ile ile tunayoitoa puani, chini ya ngozi, damu iongezeke pale na michirizi ya uzazi ififie. Haifutiki kabisa, na sindano moja haitoshi. Nikamkaripia: hiyo ni karo ya watoto!

“Mdogo wangu, viatu vyako vya kanisani vilinunuliwa kwa nyanya za nani?”

Nilinyamaza. Mkimbizi akiomba unga au turubai, tunamwelewa. Akitamani kupendeza, sote tunageuka wahasibu wake. Bado naona karo itangulie. Ila Jumamosi nitamsindikiza, tukamuulize huyo mtu kama kweli ni daktari.